Kwake na Kwao: Mizimu ya Wafu na Nafsi ya Mtu Katika Ardhi ya Kajiado

Utangulizi

Miaka kadhaa iliyopita niliketi katika kikao cha mazishi mjini Kitengela, kwenye ua wa nyumba ya mawe iliyojengwa juu ya ploti ya futi 50 kwa 100. Marehemu alikuwa ameishi hapo na mkewe kwa zaidi ya miaka ishirini. Mwenyekiti wa kamati, mzee mmoja mpole wa sauti, alifungua daftari la michango, akakohoa, kisha akauliza: "Marehemu kwao ni wapi?" Mjane akajibu bila ya kuinua uso: "Kwake ni hapa." Mzee akasema kwa adabu: "Mama, sikuuliza kwake. Nimeuliza kwao."

Kikao kilinyamaza. Hapakuwa na mtu aliyemwona mzee yule kuwa mkali, wala aliyemwona mjane kuwa mkaidi. Kila mmoja alikuwa amesema kweli, na kila mmoja alikuwa amesema Kiswahili sanifu.

Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba tofauti hiyo ya -ake na -ao, ambayo sisi wanafunzi wa Kiswahili huifunzwa kama suala la umoja na wingi wa vimilikishi, inabeba swali zito kuhusu nafsi ya mtu: je, mtu ni mmoja, mwenye kujimiliki na kujiamulia, au ni fundo katika kamba ndefu ambayo ncha yake moja imeshikwa na wafu? Swali hili halikuzuliwa na wanafalsafa vyuoni. Liliwahi kufikishwa mbele ya mahakama za Kenya, na shamba lililozua shauri hilo liko humu humu Kajiado.

Tuanze na neno nafsi lenyewe. Lilitujia kutoka Kiarabu, na watu wa dini hulitumia kwa maana ya kiini cha mtu chenye tamaa na majuto. Wanasarufi nao wakalichukua, wakalipa kazi nyingine: nafsi ya kwanza, ya pili na ya tatu. Hivyo mwanafunzi husema "nafsi ya kwanza wingi" pasipo kutambua ajabu iliyomo katika fungu hilo la maneno. Nafsi yawezaje kuwa wingi? Lakini lugha haikosei hapa. Mtu mzima aliyezaliwa peke yake, asiye na ndugu hata mmoja, akiulizwa asili yake hujibu "kwetu ni Siaya" au "kwetu ni Machakos". Akisema "kwangu", amekwisha kutaja mahali pengine kabisa, yaani nyumba anayoilipia kodi au aliyoijenga kwa mkopo. Wakazi wengi wa Kitengela wana kwangu iliyo hatua chache kutoka barabara ya Namanga, na kwetu iliyo mbali kwa safari ya siku nzima. Ifikapo Desemba hufunga milango ya nyumba zao wenyewe na kusema kwamba wanakwenda nyumbani.

Mzimu katika ngeli

Kabla ya kufika mahakamani, yafaa tulitazame jina tunalowaitia wafu. Mzizi wa neno mzimu ni wa kale na umeenea katika sehemu kubwa ya Ubantu. Wakamba husema aimu, wakiwa wameidondosha konsonanti ya mwanzo wa shina kama ilivyo desturi ya lugha yao. Wanyarwanda husema umuzimu, na katika wingi abazimu. Wasotho husema badimo kwa wahenga, na kwa umbo la umoja, Modimo, humtaja Mungu mwenyewe. Kiswahili kimelitawanya shina hilo hilo katika ngeli nyingi: mzimu na mizimu, zimwi na mazimwi wa hadithi za watoto, kuzimu, mahali waliko wafu, na wazimu, hali ya mtu ambaye akili yake imeingiliwa. Hata pale mtu anaposema kwa mzaha kuwa jirani yake "ana wazimu", bila ya kujua anarudia nadharia ya kale kwamba mtu akipotewa na nafsi yake, nafasi hiyo haibaki tupu.

Jambo la kuzingatia ni ngeli. Katika Kinyarwanda na Kisotho wafu hao wamewekwa katika ngeli ya watu, ba-. Katika Kiswahili wamewekwa pamoja na miti, mito na milima: mizimu imekasirika, mizimu imeridhika. Tena neno mzimu lina maana ya pili, yaani mahali penyewe pa kutolea sadaka, penye mti mkubwa au pango. Mzimu wa Kiswahili, basi, ni mtu aliyeelekea kuwa mahali. Sisemi kwamba Waswahili wa kale waliketi wakaamua hivyo. Ngeli hazipigiwi kura. Lakini hata leo lugha yetu husitasita mbele ya kifo. Mfu yumo katika ngeli ya watu, marehemu pia, naye huitwa hivyo kwa kuwa amerehemiwa. Tukifika kwenye maiti, mmoja husema "maiti amezikwa" na mwingine "maiti imezikwa", na walimu wetu wamekuwa wakisahihisha insha kwa kalamu nyekundu bila ya kuafikiana.

Hapa hatuna budi kumtaja John Mbiti, mzaliwa wa Ukambani aliyefariki mwaka 2019. Katika kitabu chake cha mwaka 1969 kuhusu dini na falsafa za Kiafrika, kilichoandikwa kwa Kiingereza, aliona kwamba Kiingereza hakimtoshi, akaazima maneno mawili ya Kiswahili, sasa na zamani, na kuyafanya istilahi. Kwa maoni yake, mtu akifa hatoki mara moja katika sasa. Maadamu wapo walio hai wanaomkumbuka kwa jina, yeye ni mfu aliye hai bado, jamaa kamili mwenye haki na madai yake. Akifa yule wa mwisho aliyemjua, ndipo anapozama katika zamani na kuwa mzimu usio na jina. Okot p'Bitek na wengine waliwakemea wasomi wa aina ya Mbiti kwa kuivisha Afrika mavazi ya theolojia ya Kizungu, na wako wanafalsafa waliolipinga hasa dai lake kuhusu wakati. Kwa makala haya inatosha kushika jambo moja katika hoja yake: kinachomfanya mfu aendelee kuwa nafsi ni kuitwa jina na watu wake. Tutalirudia.

Shauri la Upper Matasia

Silvano Melea Otieno, wakili mashuhuri wa Nairobi, alifariki tarehe 20 Desemba 1986. Alikuwa Mluo wa ukoo wa Umira Kager. Mkewe, Wambui Otieno, alikuwa Mkikuyu, mpigania uhuru na kitukuu cha Waiyaki wa Hinga. Walifunga ndoa ya kiserikali mwaka 1963, wakalea watoto wao mjini, na walikuwa na shamba Upper Matasia, karibu na Ngong, katika iliyokuwa Wilaya ya Kajiado. Mjane alitaka kumzika mumewe hapo Matasia, akisema kuwa ndivyo marehemu alivyotaka. Ndugu wa marehemu, Joash Ochieng' Ougo, pamoja na ukoo walisema kwamba lazima azikwe Nyalgunga, Siaya. Mwili ukakaa katika chumba cha maiti kwa takriban miezi mitano huku nchi nzima ikifuata kesi hiyo magazetini kana kwamba ni riwaya inayotolewa kwa sehemu.

Mawakili walikuwa hodari. John Khaminwa alimtetea mjane, na Richard Kwach akautetea ukoo. Shauri liliendeshwa kwa Kiingereza, na Kiingereza kikalazimika kujinyoosha hadi kikakaribia kukatika, kwa sababu hoja ya ukoo ilitegemea maneno mawili ya Kijaluo. Mtu aweza kuwa na ot, yaani nyumba, popote anapofanyia kazi. Lakini dala, boma linaloanzishwa kwa kufuata mila na kwa idhini ya wazee wake, haliwekwi ovyo katika nchi ya ugeni. Kwa mujibu wa hoja hiyo, Otieno alikuwa na nyumba Nairobi na nyumba Matasia. Dala lake lilikuwa Nyalgunga. Mzee yule wa Kitengela angeyasema yote hayo kwa maneno mawili tu: kwake na kwao.

Mintarafu ya mizimu, mashahidi wa ukoo walieleza hofu kwamba mtu asipozikwa panapostahili, roho yake hurudi na kuwaandama jamaa zake. Waluo huiita roho hiyo jachien. Miongoni mwa walioitwa kutoa ushahidi alikuwa Odera Oruka, profesa wa falsafa katika Chuo Kikuu cha Nairobi, aliyeieleza mahakama imani za Waluo kuhusu mazishi na vizuka. Watu wengi walicheka, au walijifanya kucheka, kwamba msomi wa kiwango chake anazungumza juu ya vizuka mbele ya hakimu mwenye joho. Naona kicheko kile hakikuwa cha haki. Oruka alikuwa ndiye mtafiti aliyekwenda vijijini kuwahoji wazee wenye hekima ili kuthibitisha kuwa falsafa haikuanza na vitabu, na kazi hiyo ilichapishwa mwaka 1990. Swali aliloulizwa mahakamani lilikuwa la aina ile ile: watu hawa wanafikiri nini kuhusu nafsi, na fikira hizo zinawafunga namna gani?

Jaji S. E. O. Bosire alitoa hukumu tarehe 13 Februari 1987: Otieno azikwe Nyalgunga. Mahakama ya Rufani iliithibitisha hukumu hiyo tarehe 15 Mei, na mazishi yakafanyika tarehe 23 Mei. Mjane hakuhudhuria. Mahakama ilishikilia kwamba elimu, maisha ya mjini na ndoa ya aina ile havikumwondoa marehemu katika sheria za kimila za kabila alilozaliwa ndani yake. Tuliweke jambo hili kwa lugha ya somo letu: upande wa mjane ulisema kwamba Otieno ni nafsi ya tatu umoja, naye amekwisha kusema mwenyewe anachotaka; ukoo ukasema kwamba hajawahi kuwa umoja. Mahakama iliamua kwa wingi.

Mwandishi wa makala haya anakiri kwamba moyo wake huvutwa huku na huku. Ni vigumu kuona fahari katika hukumu iliyomfanya mwanamke aliyeishi na mtu kwa zaidi ya miaka ishirini awe na sauti ndogo kuliko ukoo. Ni vigumu vilevile kuwadharau watu waliosimama mahakamani wakasema kuwa mwenzao hakuwa mali ya nyumba moja tu. David William Cohen na E. S. Atieno Odhiambo waliandika kitabu kizima kuhusu shauri hili mwaka 1992, na Wambui mwenyewe akatoa tawasifu yake mwaka 1998. Tangu mwaka 2010 Katiba ya Kenya imebadili uwanja: ibara ya 2 inabatilisha sheria yoyote, ikiwemo ya kimila, inayopingana na Katiba, na ibara ya 44 inamlinda mtu asilazimishwe na mwingine kutekeleza desturi. Hata hivyo, jamaa wangali wanafikishana mahakamani kwa sababu ya maiti.

Wenyeji ambao hawakuulizwa

Katika shauri lile lote, pande zote mbili zilizungumza kuhusu udongo wa Matasia kana kwamba haukuwa na wenyewe. Huo ni udongo wa Wamaasai, na Wamaasai wana fikira zao juu ya wafu, tena zilizo tofauti kabisa. A. C. Hollis, aliyeandika juu yao mwaka 1905, alieleza desturi ambayo wazee wengi wa Kajiado wanaikumbuka kwa masimulizi: maiti ya mtu wa kawaida haikuzikwa, bali ilipelekwa nyikani na kuachiwa fisi. Walaiboni na wazee wakubwa ndio waliofukiwa, na juu yao yakawekwa mawe. Mpita njia akaongeza jiwe lake. Kuhusu hao Hollis aliambiwa kwamba roho zao hugeuka nyoka. Isitoshe, jina la aliyekufa halikutajwa mbele ya jamaa zake, na hata kama lilifanana na neno la kila siku, neno lile liliepukwa na kutafutiwa lingine.

Msomaji atambue ukubwa wa tofauti hii. Kwa Mbiti, kulitaja jina la mfu ndiko kumweka hai. Kwa Mmaasai wa zamani, heshima ilikuwa ni kulinyamazia. Ardhi haikuwa shajara ya makaburi. Ilikuwa malisho, na mtu alihama pamoja na ng'ombe wake bila ya kuacha kaburi nyuma. Siku hizi Wamaasai wengi ni Wakristo na huzika kama majirani zao. Hata hivyo, nchi yenyewe ilikatwa vipande: ranchi za pamoja zilizoundwa kwa sheria ya mwaka 1968 zilianza kugawanywa, ya Kitengela ikagawanywa mwishoni mwa miaka ya 1980, na baada ya eneo la viwanda vya kuuza nje kuanzishwa Athi River mwaka 1990, wanunuzi wakaja kwa wingi. Hivyo watu ambao wafu wao hukaa ardhini wamenunua ardhi kutoka kwa watu ambao wafu wao hawakukaa ardhini, na wanunuzi hao sasa wanaogopa kuzika humo. Kisa ni kwamba ploti yenye kaburi haiuziki kwa urahisi. Nimeona nyuso za wanunuzi zikibadilika walipoonyeshwa msalaba nyuma ya tangi la maji.

Wafu wasio na ardhi

Ili tusidhani kwamba lazima wafu wafungwe na udongo, tuvuke bahari kidogo hadi Kuba. Huko walipelekwa Waafrika wengi kama watumwa, miongoni mwao Wakongo na Wayoruba, na hakuna aliyeruhusiwa kubeba kaburi la babu yake. Katika dini iitwayo Palo, iliyotokana na Wakongo, mfu hukaa ndani ya chungu au sufuria ya chuma yenye udongo, vijiti na mifupa, na chombo hicho huitwa nganga. Mwanafunzi wa Kiswahili atalitambua neno hilo mara moja, kwani ndilo hilo la mganga wetu. Katika Kikongo pia nganga alikuwa mtu, tabibu na mjuzi wa mambo ya siri. Utumwani jina likahama kutoka kwa mtu likaenda kwenye chombo. Sisi tulimfanya mfu kuwa mahali; wao, walionyang'anywa mahali, walimfanya kuwa kitu cha kubebeka.

Nafsi nayo ikafuata mkondo huo. Wakuba wengi wanaofuata njia ya kuongea na roho, njia iliyochanganyika na mafundisho ya Mfaransa Allan Kardec katika karne ya 19, huamini kwamba kila mtu huzaliwa akiwa na kundi la wafu wanaoandamana naye: mmoja labda mtumwa wa zamani, mwingine sista wa kanisa, mwingine Mhindi wa kisiwani. Huwawekea bilauri za maji juu ya meza. Tabia ya mtu, vipaji vyake na hata magonjwa yake hufafanuliwa kwa kuwajua wenzake hao. Wengi wao si wa ukoo wake hata kidogo. Kujijua, basi, ni kuwatambua mmoja mmoja wale anaoishi nao ndani ya ngozi moja.

Mtu wa pwani yetu hatashangaa sana. Huko Kuba, miungu ya Wayoruba inapompanda mtu, yeye huitwa farasi wao. Unguja na Mombasa, aliyepandwa na pepo huitwa kiti. Pepo wetu, hata hivyo, kwa kawaida si wafu; wana asili yao, kabila lao na lugha yao, na waalimu wa dini huwahesabu pamoja na majini. Mizimu imebaki bara zaidi, chini ya miti na makaburini. Huenda mgawanyo huu ndio uliotufanya tusahau kwamba maswali yote mawili, la kiti na la kaburi, ni swali moja: ni nani mwingine anayekaa mahali ninaposema "mimi"?

Jina

Baina ya kaburi la Siaya na chungu cha Kuba iko njia ya tatu, ambayo wakazi wa Kitengela wanaijua bila ya kuipa nadharia. Waluo humpa mtoto jina la jamaa aliyefariki, aghalabu baada ya mfu huyo kutokea ndotoni au baada ya mtoto kulia usiku kucha hadi jina la kweli litajwe, ndipo hunyamaza. Wakikuyu na Wakamba hurudisha majina ya mababu na mabibi kwa utaratibu unaofahamika, wawe hai au wamekufa. Jina halihitaji ploti, wala gari la kubebea maiti, wala kibali cha kupitisha msafara barabarani. Lilizaliwa Nyalgunga na linaweza kuitwa kwenye darasa la chekechea karibu na Mto Kitengela.

Hata pale mwili unapopotea kabisa, Waluo wana njia: huzika tunda la mwegea, yago kwa lugha yao, badala ya mtu. Nimewahi kuuliza kama mila hiyo haingeweza kugeuzwa, tunda lipelekwe kwao na mtu abaki kwake. Wazee walinitazama kama mtoto aliyeuliza kwa nini mto hauteremki kuelekea mlimani.

Wambui Otieno alifariki mwaka 2011, akazikwa Upper Matasia, katika shamba lile lile alilolipigania. Mumewe yuko Nyalgunga. Ukitaka kusema kwa Kiswahili kwamba kila mmoja wao amelala nyumbani, huna budi kuchagua kimilikishi.

Na yule marehemu wa Kitengela alisafirishwa. Basi liliondoka saa tatu usiku likiwa na vitambaa vyekundu, nasi tukafika alfajiri. Mjane alirejea baada ya siku kumi, akaendelea kuishi katika nyumba ya mawe. Mwaka uliofuata bintiye mkubwa alijifungua mtoto wa kiume, akampa jina la babu. Nilipopita kuwasalimu, mama mtu alikuwa amekaa uani akimwogesha mtoto katika karai, na kila alipomwagia maji alimwambia: "Tulia, baba. Tulia, baba yangu."